Saa Moja ya Bwawa la Kukodi: Mwongozo wa Kufundisha Waogeleaji Wadogo wa Mashindano Mombasa

Klabu nyingi za kuogelea za mtaani Mombasa hazina bwawa lao. Hukodi: hoteli ya Nyali au Bamburi saa ambazo wageni wameenda ufukoni, shule yenye bwawa, au klabu ya michezo kisiwani. Kwa hivyo kinachoadimika si maji wala watoto wenye kipaji, ni dakika. Watoto ishirini na wanne, leni nne, saa moja, na mwenye bwawa ameshaanza kutazama mkono wake. Mwongozo huu ni wa kocha, au kamati ya wazazi, anayetaka saa hiyo imjenge mtoto wa miaka minane hadi kumi na minne asimame mbele ya waamuzi bila kutetereka. Hauhusu kumfunza mtu kuelea. Anayejiunga awe anaogelea mita 50 bila kushika kamba na anaelea chali dakika mbili huku anaongea.

1. Pima bwawa kabla ya kulilipia

Usiamini tangazo. Chukua utepe wa fundi wa mita 30, mshikishe mtu ncha moja, upime ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa maji, pande zote mbili. Mabwawa ya hoteli yalijengwa ili yapendeze, na si ajabu kupata mita 18, 20 au 22 badala ya 25. Bwawa la mita 20 halina ubaya wowote kwa mazoezi, ila hesabu hubadilika: mita 100 ni urefu mara tano, mtoto anamalizia ng'ambo ya kocha. Panga seti za mita 80, 120 na 160 ili warudi ulipo. Na muda uliopimwa humo usiupeleke kwenye fomu ya mashindano. Kuta zikiwa nyingi, misukumo ni mingi, kwa hivyo muda unaonekana mzuri kuliko ulivyo.

Kisha pima kina. Kanuni za kimataifa hutaka angalau mita 1.35 ya maji kuanzia mita moja hadi mita sita kutoka ukuta wa kuanzia, ndipo pawekwe jukwaa la kujirusha. Mabwawa mengi ya hoteli huanza na maji ya kiunoni yakaenda yakizama polepole. Upande huo mtoto asijirushe kichwa mbele hata mara moja, hata kama "anajua". Shingo haina spea. Kama hakuna upande wenye kina, anzieni ndani ya maji kwa kusukuma ukuta, na mazoezi ya kujirusha yapangiwe bwawa jingine hata kama ni mara moja kwa mwezi.

Maji yenyewe: simama ukingoni penye kina kirefu zaidi. Ikiwa huoni wazi chujio la chini, hakuna anayeingia, na hilo halina mjadala na meneja. Nunua kipimo kidogo cha matone au cha karatasi. Klorini huru, yaani ambayo bado haijaungana na uchafu, iwe kati ya sehemu 1 na 3 kwa milioni, pH kati ya 7.2 na 7.6. pH ikipanda hadi 8, klorini ile ile hupoteza nguvu nyingi, ndiyo maana unaweza kukuta kipimo cha klorini kizuri na maji yameanza ukijani. Ile harufu kali inayochoma macho, ambayo wazazi hudhani ni klorini nyingi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Dawa yake ni watoto kuoga kabla ya kuingia, na mhudumu kuongeza klorini, si kupunguza.

Ili umuelewe mhudumu anaposema "nimeshaweka": bwawa la mita 25 kwa 10, lenye kina cha wastani cha mita 1.4, lina lita 350,000. Kuinua klorini kwa sehemu moja tu kwa milioni huhitaji takriban gramu 540 za unga wa asilimia 65. Kikombe cha chai hakitoshi. Uwekwe usiku watu wakishatoka, na asubuhi upimwe tena. Jua la kaskazi hula klorini haraka mchana kutwa, na mvua ya masika huipunguza makali na kuleta uchafu, basi miezi hiyo pima kila siku ya mazoezi. Kocha asijichanganyie dawa. Aina mbili za klorini zikikutana kwenye ndoo moja zinaweza kuwaka moto.

Vyote hivi viandikwe kwenye makubaliano: saa, idadi ya leni, nani anaondoa vitanda vya jua ukingoni, na pesa zinakwenda wapi siku ya radi.

2. Vifaa: vichache, lakini hivi

Ubao wa kupigia miguu na boya la kubana mapajani, vitano vitano vinatosha klabu ndogo kwa sababu leni hupokezana. Kila mtoto awe na miwani yake na chupa yake ya maji yenye jina. Kofia ya kawaida haiingii vizuri kwenye rasta na nywele zilizosukwa nene. Kofia kubwa za nywele za namna hiyo ziliidhinishwa kimataifa mwaka 2022, basi mtoto asisumbuliwe nazo. Wasichana wanaovaa vazi la kufunika mwili wavae la nailoni au poliesta linalobana. Pamba hunywa maji na kuning'inia kama gunia. Kwa mashindano, waandikie waandaaji mapema kuhusu vazi hilo, msingoje mlangoni.

Vitu viwili klabu nyingi huvisahau, na ndivyo vyenye faida kubwa.

Cha kwanza ni bendera za mgongo. Funga kamba kuvuka bwawa mita 5 kutoka kila ukuta, mita 1.8 juu ya maji, uning'inize vipande vya leso kuukuu vya rangi mbili vikipishana. Bila bendera, mtoto wa mtindo wa mgongo hugeuza shingo kutafuta ukuta, anapinda, anagonga kamba. Zikiwepo, anahesabu: tangu bendera hadi ukutani mikono minne, au mitano. Akishaijua idadi yake hatazami tena.

Cha pili ni saa. Nunua saa ya ukutani yenye upana wa sentimita 40 hivi, ambayo mshale wa sekunde huzunguka laini bila kudonoa. Juu ya 1, 2, 3 andika kwa kalamu nene 5, 10, 15 hadi 60. Bandika utepe mwekundu kwenye 15, 30, 45 na 60. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki mwangavu, uiegemeze kwenye kiti kichwani mwa leni ambapo jua la jioni haliipigi usoni.

3. Leni na saa

Watoto sita kwenye leni moja wanaweza kuogelea wote kwa wakati mmoja bila kugongana, mradi washike sheria nne. Kila mmoja akae kulia kwake kwenda na kurudi (barabarani hushikwa kushoto, majini tunashika kulia, na wanazoea siku ya pili). Aondoke sekunde 5 baada ya aliyemtangulia, au 10 mkiwa na nafasi. Anayetaka kupita aguse unyayo wa mbele yake, na aliyeguswa asubiri kona ya ukuta unaofuata. Anayemaliza aguse ukuta kwanza, kisha asogee pembeni ili wenzake nao waufikie.

Sheria ya nne ndiyo huvunjika. Wa kwanza akifika anaegemea katikati, wa pili anasimama mita mbili kabla, wa tatu nyuma yake, na wa sita hajawahi kugusa ukuta tangu mwaka uanze. Huyo atakuja kuguziwa ukuta na nani siku ya mashindano? Kaa kichwani mwa leni wiki mbili za mwanzo na urudishe kila asiyegusa.

Sasa saa. Badala ya kusema "pumzikeni kidogo, haya twende", weka muda wa kuondoka. Kila mtoto apimwe hivi: mita 50 mtindo huru mara nane, mapumziko ya sekunde 15, halafu chukua wastani wa nne za mwisho. Ikiwa ni sekunde 60, mwongezee 15: anaondoka kila dakika 1 na sekunde 15. Kwenye saa ni rahisi, anaondoka 60, kisha 15, 30, 45, na tena 60. Wenye wastani wa 50 waende kila dakika 1 na sekunde 5: 60, 5, 10, 15, wakiongeza tano kila mara. Leni zipangwe kwa wastani huo, si kwa umri wala kwa urafiki wa wazazi.

Mtoto afunzwe kusoma mwenyewe.

"Umefika ngapi, mwanangu?"
"Nimechoka, kocha."
"Sikuuliza hilo. Umefika ngapi?"
"Hamsini na tatu."
"Uliondoka?"
"Kumi... ah, kumi na tano kasoro. Aliniwahi."

Mwezi mmoja wa maswali hayo na mtoto wa miaka tisa anaondoka peke yake, anajua muda wake, na wewe umerudishiwa macho yako ya kutazama mikono na miguu.

Kuna tatizo moja saa hulileta. Mtoto wa polepole katika leni hufika wenzake wakiondoka, kwa hivyo yeye ndiye hapumziki kabisa, na mtindo wake unaharibika mbele ya macho yako. Mpunguzie: wao wakiogelea 50 nne, yeye aogelee tatu. Mwambie kwa sauti ya kawaida, bila kulifanya tangazo.

4. Saa yenyewe, dakika kwa dakika

Watoto wafike robo saa mapema. Ukingoni, dakika kumi: kuzungusha mabega, kuchuchumaa, kuruka kidogo, na kusimama "mshale", yaani mgongo ukutani, mikono juu, kiganja juu ya kiganja, masikio yamebanwa na mikono. Msivutane mabega wawili wawili. Mabega ya watoto tayari yamelegea na kuvutwa huleta maumivu.

Ndani ya maji, kwa wa miaka kumi hadi kumi na miwili kwenye bwawa la mita 25: dakika 8 za kupasha mwili, mita 250 polepole kwa mitindo mchanganyiko. Dakika 12 za ufundi, mita 25 mara nane, jambo moja tu la kurekebisha kwa siku. Dakika 21 za seti kuu, kwa mfano mita 50 mara kumi na sita kila dakika 1:15. Hizo ni dakika 20 kamili na moja ya kunywa maji. Dakika 11 za kuta na kuanza. Dakika 5 za kupoza mwili, mita 150. Tatu zilizobaki zitaliwa na kubadilisha vifaa, hata ukipanga vipi. Jumla ni mita 1,600 hivi. Kocha anayejisifu kuwa wake huogelea 3,000 kwa saa hiyo hiyo muulize wangapi wamegusa ukuta.

5. Kosa la mtoto wa pwani

Aliyejifunzia baharini huogelea kichwa juu. Ana haki: kule hutazama wimbi, na maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia mbili na nusu, yanambeba miguu. Bwawani kichwa kikiinuka, nyonga huzama, na mtoto anavuta mwili uliosimama kama anayepanda ngazi. Kumwambia "piga miguu zaidi" hakusaidii. Atachoka tu mapema.

Rekebisha kwa utaratibu. Kwanza mshale: asukume ukuta, uso chini, asipige chochote hadi asimame mwenyewe. Afike mita 5 kabla ya kuendelea. Kisha mapigo sita ya miguu akilala upande mmoja, mkono mmoja mbele, sikio juu ya bega, mdomo nusu nje ya maji. Kisha mtindo huru kwa kuvuta pumzi kila mikono mitatu, macho kwenye mstari mweusi ulio chini yake, si ulio mbele. Miguu ianzie nyongani. Magoti yakitoka juu ya maji, anaendesha baiskeli.

Watoto hawa pia hupenda kushindana nani atakaa chini zaidi. Kataza kabisa, hasa ile ya kuvuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kuzama. Hewa chafu ikipungua mwilini, hamu ya kupumua huchelewa, na mtoto huzimia chini kimya bila hata kupapatika. Kwa sababu hiyo hiyo awepo mtu mzima mmoja ukingoni ambaye hafundishi, hapigi picha, hashiki simu; kazi yake ni kuhesabu vichwa. Awe amejifunza kumpulizia pumzi na kumkanda kifua aliyezama, na karibu yake kuwe na fimbo ndefu au boya lenye kamba.

6. Ukutani ndipo mbio huamuliwa

Mita 100 kwenye bwawa la 25 zina kugeuka mara tatu. Mtoto akipoteza nusu sekunde kila ukuta, ni sekunde moja na nusu, nyingi kuliko atakazopata kwa mwezi wa kuvuta mikono. Mtindo huru: asipumue mikono miwili ya mwisho, apinduke asiwe mbali na ukuta wala karibu mno, miguu ipige ukuta ikiwa imekunjwa kiasi cha mtu aliyekaa kwenye kigoda, asukume akiwa mshale, na pumzi ya kwanza isije kwenye mkono wa kwanza. Anayepinduka mbali hugusa kwa vidole tu. Anayepinduka karibu hubanwa magoti kifuani. Mpe alama ya msalaba iliyochorwa ukutani chini ya maji kama kipimo, si kubahatisha.

Kisha makosa yanayowafanya watoto waondolewe, ambayo wazazi hudhani ni uonevu wa mwamuzi:

Kwenye mitindo ya chura na kipepeo, ukuta huguswa kwa mikono miwili kwa pamoja, kila kugeuka na kumaliza. Mkono mmoja ukitangulia, mbio zimekwisha.

Kwenye chura, miguu yote igeuke nje na ipige sawa. Mguu mmoja ukikata kama mkasi, anaondolewa. Kosa hili hutokana na nyonga moja kupanda juu, basi mlaze kifudifudi ukingoni, shika nyayo, mwongoze polepole mara ishirini, kisha majini na ubao.

Mgongo: anaporuhusiwa kujigeuza kifudifudi ili apinduke, mkono uvute na apinduke papo hapo. Akiteleza huku anatafuta ukuta, ameondolewa. Hapo ndipo hesabu ya bendera inapolipa.

Mtindo huru, mgongo na kipepeo: kichwa kiwe kimetoka juu ya maji kufikia mita 15 baada ya kuanza na kila kugeuka.

Kwenye mtindo huru, mtoto akichoka anaweza kusimama chini bila kuondolewa, mradi asitembee wala asivute kamba. Mwambie. Wengi huacha mbio kwa kudhani tayari wamekosea.

7. Joto, mvua, Ramadhani

Mashindano huogelewa kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 28. Mabwawa yetu ya Februari na Machi huzidi hapo, na mtoto aliye majini haoni jasho lake. Anywe mafunda machache kila robo saa, chupa iwe kichwani mwa leni. Akilalamika kichwa, uso ukiwa mwekundu au akitaka kutapika, mtoe majini, umpeleke kivulini, umpepee. Radi ikisikika, wote nje, na msirudi hadi nusu saa ipite tangu mngurumo wa mwisho.

Ramadhani msilazimishe seti kuu kwa waliofunga. Kama bwawa lina taa, hamisheni mazoezi baada ya tarawehe, hata siku mbili kwa wiki. Kama halina, fanyeni mazoezi mafupi ya ukingoni na ufundi mwepesi, na waliobaki wasipewe maneno ya kuwacheka wenzao. Ratiba ya madrasa iulizwe Januari, sio baada ya watoto kuanza kukosa.

8. Kuelekea mashindano

Wiki ya mwisho punguza mita hadi theluthi mbili, acha kasi ilivyo. Fanyeni mazoezi ya firimbi: fupi kadhaa za kujiandaa, moja ndefu ya kupanda jukwaani, amri ya kukaa tayari, kisha mlio. Kwa mgongo, firimbi ndefu ya kwanza ni kuingia majini, ya pili ni kurudi ukutani. Anayeondoka kabla ya mlio haondoki mara ya pili, basi afunzwe kutulia kabisa kwenye "tayari", hata kocha akichelewesha makusudi kwa sekunde tatu.

Wakumbushe mpangilio wa medli, yaani mbio za mitindo yote minne: mtu mmoja huanza kipepeo, mgongo, chura, huru, kwenye kupokezana huanza mgongo, chura, kipepeo, huru. Fomu ijazwe muda wa kozi sahihi, ya mita 25 au ya 50.

Safari ya Nairobi ina mambo yake. Bwawa la Kasarani ni la mita 50, kwa hivyo nusu ya kuta mlizozoea hazipo, na jiji liko juu kwa zaidi ya mita 1,600. Mbio za 200 kwenda juu, mtoto aanze taratibu kuliko desturi, maana pumzi itadai mapema. Maji na upepo ni baridi kwa mtoto wa Kisauni: sweta, soksi, taulo mbili, na chai ya moto kwenye chupa baada ya kila mbio. Pandeni treni ya SGR siku moja kabla, na anayebeba begi la miwani za akiba awe kwenye behewa moja na watoto.